Manifoldi ya Trekta ya Babu

Mhariri wa jarida hili alinitaka niandike insha kuhusu "Umuhimu wa Kilimo Nchini". Nilikaa darasani usiku wa prepu mbili nzima, nikatafuna kalamu, nikaandika "Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu", nikafuta. Kila nilipojaribu kuendelea, mawazo yalinirudisha kwenye bati moja la urefu wa shubiri mbili hivi. Bati hilo nililifungua kwa mikono yangu mwenyewe kutoka kwenye trekta ya babu likizo ya Agosti mwaka jana, nikalifanya mlango wa kizimba cha vifaranga. Kwa ajili yake trekta nusura iuzwe kwa kilo kama chuma kikuukuu, na karo yangu pamoja nayo, kwa maana karo hiyo hutoka katika kulimia majirani.

Basi mhariri atanisamehe. Nimeamua kueleza kitu kiitwacho manifoldi. Hata sisi tunaosoma Fizikia tunaijua injini ya kitabuni tu, ile iliyokatwa katikati ikachorwa pistoni moja na plagi moja. Mahali hewa inapopitia kuingia na mahali moshi unapopitia kutoka, mchoraji ameweka vitundu viwili akaendelea na safari yake. Kumbe vitundu hivyo vina mambo!

Trekta yenyewe ni Ferguson ya rangi ya kijivu, aina ya TED20. Ferguson za jamii hii ziliundwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka wa 1946 hadi 1956, na zaidi ya 500,000 zilitengenezwa. Usizidharau kwa udogo wake. Mnamo Januari 1958 Edmund Hillary, yule yule aliyekwea Everest, alifika Ncha ya Kusini ya dunia na wenzake wakiendesha Ferguson zilizofungwa minyororo ya kutambaa kwenye theluji. Ya kwetu haijafika mbali hivyo. Baba yake babu aliinunua kwenye mnada wa shamba la mlowezi aliyekuwa akirudi kwao katika miaka ya 1960, na tangu siku hiyo haijavuka mpaka wa Uasin Gishu. Herufi ile D katika jina lake ndiyo iliyoniponza, kwa kuwa sikujua maana yake. Ni alama ya injini inayowashwa kwa petroli, kisha ikishapata moto inafanya kazi kwa mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Tuiweke hapo kwanza, tutairudia.

Tuanze na pumzi. Injini hii ina silinda nne. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 85, na pistoni husafiri milimita 92 kutoka juu hadi chini. Mwenye kikokotoo apige hesabu: ujazo wa silinda zote ni karibu sentimita za ujazo 2,088, yaani lita mbili na kidogo. Kwa kuwa ni injini ya mapigo manne, kila silinda huvuta pumzi mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankishafti. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, silinda moja huvuta mara 750, na zote nne huvuta mara 3,000. Hiyo ni mara 50 kwa sekunde moja! Kama kila silinda ingejaa barabara, kitrekta hiki kingemeza zaidi ya lita 1,500 za hewa kwa dakika, yaani mapipa saba na nusu ya lita 200.

Hewa yote hiyo hupita mlango mmoja. Inachujwa vumbi, inaingia katika kabureta inapochanganyika na mafuta, halafu inafika kwenye manifoldi ya hewa. Hii ni bomba la chuma cha kalibu lenye mdomo mmoja na matawi yanayoelekea kwenye valvu za kuingizia. Manifoldi ya moshi ni kinyume chake: midomo ni mingi na mkia ni mmoja, nao mkia huo ndio unaoungana na ekzosi. Kama wewe ni mtu wa Jiografia, ya kwanza ni kama mto unaogawanyika karibu na bahari, na ya pili ni vijito vinavyokutana kuwa mto.

Sasa, nani hupata kwanza? Pale bwenini tunajua: bomba zote zikifunguliwa asubuhi, aliye mwisho wa mstari hubaki na sabuni usoni. Injini ina adabu kuliko sisi. Silinda hupokezana kwa zamu, na kwenye Ferguson zamu hiyo ni 1, 3, 4, 2. Wakati ya kwanza inamaliza kuvuta, ya tatu inaanza, na kadhalika. Ndiyo sababu bomba moja la kiasi linatosha silinda nne. Lakini matawi yakiwa na kutu, au gasketi imechomoza ndani, silinda ya pembeni hupata pumzi pungufu, na injini huanza kuchechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Kwa kweli kusema silinda "inavuta" ni kusema kwa mazoea tu. Pistoni ikishuka huacha nafasi, na kani ya angahewa ndiyo inayosukuma hewa ndani. Hapo ndipo sisi watu wa nyanda za juu tunapopunjwa. Mombasa kanieneo ya angahewa ni karibu kilopaskali 101. Kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni karibu 79. Tunakosa takriban thuluthi... samahani, humusi nzima ya hewa! Trekta ile ile, dereva yule yule, na nguvu zimepungua kwa kiasi kama hicho kabla hata ya kugusa udongo. Tena kabureta iliyopimiwa pwani ikiletwa Eldoret bila kurekebishwa humwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na ekzosi hutoa moshi mweusi.

Jambo jingine. Ndani ya kabureta mna kibati cha duara kinachogeuka kama kipepeo, ambacho hupunguza au kuongeza mchanganyiko unaopita. Kikifungwa, silinda huendelea kudai hewa na haziipati, kwa hiyo kanieneo ndani ya manifoldi hushuka sana; injini ikiwa inanguruma polepole bila kazi huweza kufika karibu theluthi moja ya kanieneo ya nje. Maana yake ni kwamba hata ufa wa ukubwa wa unywele utaingiza hewa. Hewa hiyo ya wizi haikupita kwenye chujio, na wewe unalijua vumbi la kwetu la Januari. Pia haikupimiwa mafuta, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inakohoa, na valvu huungua.

Upande wa moshi shida ni joto. Moshi unaotoka kwenye silinda injini ikiwa kazini huzidi nyuzi 500 za selsiasi. Manifoldi ya urefu wa sentimita 45, joto lake likipanda kwa nyuzi 400, hurefuka kwa karibu milimita 2. Utasema milimita mbili ni nini? Ni nyingi sana kwa chuma kilichobanwa kwa nati kwenye kichwa cha injini ambacho hakikupata moto kiasi hicho. Ndiyo maana matundu ya boliti zake huachwa yawe makubwa kidogo, ili chuma kipate kunyoosha viungo. Fundi anayekaza kwa hasira, akining'inia kwenye spana, huikataza manifoldi kutanuka, nayo hujibu kwa kupasuka. Na yule anayemwagia injini maji ikiwa ya moto ili ing'ae siku ya harusi, huyo hata simwelezi.

Naam, sasa tufike penye utamu wenyewe.

Katika trekta nyingi kuukuu za petroli na za mafuta ya taa, manifoldi hizi mbili haziishi mbalimbali. Ziko upande mmoja wa injini, zimeshikana kama pacha. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilidhani ni ubahili wa kiwanda. La hasha! Zimeshikanishwa makusudi, ili joto la moshi unaotoka lipashe mchanganyiko unaoingia.

Sababu utaikumbuka ukirudi kwenye somo la Kemia, pale tulipochora mnara wa kuchuja mafuta ghafi. Petroli ni jamii nyepesi. Sehemu yake kubwa hugeuka mvuke kwa urahisi, hata mkononi mwako utaona inakauka na kukuachia baridi. Mafuta ya taa ni mazito zaidi, huchemka kuanzia takriban nyuzi 150 hadi karibu 300. Na injini ya plagi haichomi maji ya mafuta, huchoma mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kabureta inarusha mafuta yakiwa matone tu. Kuyageuza yawe mvuke si kazi yake, ni kazi ya manifoldi. Kwa maneno ya jikoni, kabureta hukatakata mboga, na manifoldi ndiyo sufuria.

Petroli inaweza kuliwa karibu mbichi. Mafuta ya taa lazima yapikwe. Kwa hiyo kwenye TED20 kuna bati linalofunika manifoldi kwa nje kama koti, ili upepo wa feni na wa shambani usiipoze. Dereva naye ana utaratibu wake. Huwasha kwa petroli kutoka kwenye tangi dogo, husubiri injini ishike moto sawasawa, ndipo ageuze koki kwenda kwenye tangi kubwa la mafuta ya taa. Jioni, kabla ya kuzima, hurudisha koki kwenye petroli kwa dakika chache ili kabureta ibaki na petroli kwa ajili ya kesho. Babu huongeza gunia mbele ya radieta asubuhi za baridi. Nilikuwa nikimcheka nikidhani ni ushamba.

Wenye macho watauliza: kama joto ni zuri, mbona tusiipashe petroli nayo kwa nguvu zote? Kwa sababu hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo silinda ikijaa hewa hiyo inakuwa na uzito mdogo wa hewa na nguvu ndogo. Joto likizidi, injini hugonga pia. Kila joto unalompa mpishi unampokonya mkulima. Injini ya mafuta ya taa inakubali hasara hiyo kwa kuwa haina njia nyingine.

Je, yasipopikwa? Hapa ndipo ninapoingia mimi.

Agosti mwaka jana babu alikwenda kwa shangazi Nakuru kutibiwa macho, akakaa huko hadi Desemba. Trekta ikabaki mikononi mwa baba mdogo. Bati lile lilikuwa limepoteza skrubu moja, kwa hiyo lilipiga kelele siku nzima, ngwe-ngwe-ngwe, mpaka masikio yakauma. Nikachukua spana, nikalifungua. Kelele zikaisha. Baba mdogo akanisifu kwamba nina kipaji cha ufundi! Na kwa vile mama alikuwa akilalamika kuhusu kicheche aliyekuwa akila vifaranga, nikapata mlango wa kizimba siku hiyo hiyo. Nikarudi shuleni nikijiona mhandisi.

Kuanzia Oktoba ikawa ni kuvuna. Trekta ilivuta mahindi, na wanaojua kazi hiyo wanajua ilivyo: mwendo mfupi, simama, watu wapakie magunia huku injini inanguruma bure, mwendo mfupi tena. Hakuna mzigo wa maana wa kuipa manifoldi moto, na koti nimeshalivua. Matone ya mafuta ya taa yakawa yanagonga kuta baridi za manifoldi, yanaungana, yanatiririka kama machozi hadi ndani ya silinda. Huko mengine yaliungua nusu na kutoka kama moshi mweupe. Mengine yaliosha oili iliyopakaa kuta za silinda, yakapenya kwenye ringi za pistoni, yakashuka chini kwenye oili ya injini.

Baba mdogo alipima oili kwa kile kijiti, akaona haipungui. Baada ya wiki mbili akaona imeongezeka. Alifurahi! Akawaambia majirani, "Hii trekta sasa haili oili hata kidogo." Maskini, hakujua kwamba alikuwa akijisifia ugonjwa.

Mwanzoni mwa Desemba nilipofunga shule nilikuta mambo yameharibika. Trekta ilikuwa haipandi mlima na gunia kumi. Ilinuka kama taa ya kandili. Kipimo cha presha ya oili kilikuwa kimelala chini. Fundi aliitwa kutoka mjini, akafungua plagi, akaziona zimelowa na kuwa nyeusi, akatikisa kichwa kama daktari. Ringi zimekwisha, akasema, na silinda zimelika. Shilingi 140,000, vipuri mbali. Baba hakuwa na hata robo ya fedha hizo. Akampigia simu mnunuzi wa vyuma, wakapatana bei kwa kilo, lori lije Jumamosi. Mama aliniambia jikoni, bila kuniangalia, kwamba nijiandae kwa mazungumzo ya kwenda shule ya kutwa.

Babu alirudi Alhamisi. Hakusalimia watu vizuri, alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye trekta. Akachomoa kijiti cha oili, akanusa, akadondosha tone kwenye kipande cha gazeti na kukiweka juani. Tone jeusi lilibaki katikati, na duara angavu la mafuta likaenea kulizunguka.

"Fundi alisema nini?" akauliza.

"Ringi, mzee," baba mdogo akajibu.

"Ringi zikiisha injini inakunywa oili, inapungua. Hii imezidi. Kitu kikizidi nyumbani kwako bila wewe kuleta, jua kuna mgeni."

Akazunguka upande wa pili, akainama, akapapasa manifoldi kwa kiganja. Kimya. "Koti lake liko wapi?"

Wallahi, msomaji, nilitamani ardhi ipasuke. Na vifaranga navyo, kana kwamba vimetumwa, vikaanza kulia.

"Babu, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nililipeleka kwa vifaranga."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaangalia tena kile kipimo cha presha, akaacha kucheka.

Tulimwaga oili jioni ile ile. Haikutoka kama oili, ilitoka kama chai ya bweni. Tukaweka mpya. Ijumaa babu akaamuru trekta ilime siku nzima kwa petroli peke yake, bila tone la mafuta ya taa. Nilimwuliza mbona tusirudishe bati kwanza. Akaniambia nikae chini nifikiri. Ilinichukua hadi saa sita mchana kuelewa. Kama kweli ringi zimekwisha, basi hata kwa petroli injini itafuka moshi na kukosa nguvu. Lakini kama ugonjwa ni mafuta yasiyopikwa, kwa petroli utatoweka. Jioni tulipima: oili ilikuwa kwenye alama ile ile ya asubuhi, na plagi zilikuwa kavu, za rangi ya kahawia. Baba alisimama pale akiliangalia lile shamba lililolimwa, hakusema kitu.

Lori lilikuja Jumamosi saa mbili. Baba alimlipa mwenye lori mafuta ya safari na kumwomba radhi.

Wiki iliyofuata tukaifungua manifoldi, kwa sababu babu alikuwa ameona pia alama ya masizi kati ya silinda ya pili na ya tatu. Masizi kama hayo ni ushahidi kwamba moshi unatorokea hapo. Injini ikiwa baridi utausikia ukipiga tsk-tsk-tsk, na ikipata moto chuma hutanuka na sauti hupotea, mwizi amejificha. Tulilowesha nati kwa mafuta ya kulegezea tangu usiku. Gasketi ya zamani babu hakuniruhusu kuikwangua kavu. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Tuliilowesha maji kwanza, tukaitoa ikiwa mbichi, tukaifunga kwenye mfuko. Kisha tukaweka rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi na kumulika tochi kwa nyuma kuona kama imepinda. Mwanga ulipenya kidogo tu upande mmoja, fundi wa jua kali akaisawazisha.

Kurudisha kuna adabu yake. Unaanza kukaza nati za katikati, unaelekea pembeni, kidogo kidogo, raundi tatu, ili chuma kilale sawa. Nati za shaba ni bora, kwa sababu hazishikani na kutu. Ukishaiwasha ikapata moto na kupoa, unakaza tena. Upande wa hewa tuliujaribu kwa maji ya sabuni na brashi, injini ikinguruma taratibu: pakiwa na ufa, sabuni hunyonywa na mlio wa injini hubadilika. Kuna watu hutumia petroli kwa jaribio hilo. Nadhani watu hao hawapendi nyusi zao.

Haya yote tuliyafanya nje, uani, ingawa kulikuwa na mvua ya rasharasha. Babu hakubali trekta inguruma ndani ya stoo, hata mlango ukiwa wazi nusu. Moshi wa petroli na wa mafuta ya taa una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na manifoldi inayovuja humwaga hewa hiyo pale pale unapoinamia kutazama.

Wale ambao nyumbani kwao kuna Massey Ferguson 35 ya dizeli wasije wakaenda kutafuta koti ambalo halikuwapo. Dizeli ni habari nyingine. Hapo manifoldi ya hewa hupitisha hewa tupu. Mafuta hurushwa na nozeli moja kwa moja mahali pa kuungua. Hakuna cha kupika njiani, kwa hiyo hewa ikiwa baridi ni afadhali, maana imeshikana zaidi. Ubaridi huo ni taabu asubuhi tu, wakati wa kuwasha. Kwenye zile za injini ya Perkins ya silinda tatu utakuta kifaa kidogo kilichopachikwa kwenye manifoldi ya hewa, ambacho huwasha mwali wa dizeli ndani ya manifoldi yenyewe ili kuipasha hewa kabla haijaingia. Nilipomweleza rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Pili alidhani namtania.

Baba bado hajaridhika. Anasema tuachane kabisa na mafuta ya taa, kwani tangu Serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita mwaka wa 2018, ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli, nafuu yake imepungua mno. Kwa hesabu nadhani baba ana haki. Babu hasikii. Huchanganya petroli kidogo ndani yake ili injini isigonge, hugeuza koki, husikiliza, hutabasamu. Presha ya oili imerudi, lakini haijafika pale ilipokuwa zamani. Beringi zilifanya kazi miezi miwili na oili iliyochanganyika na mafuta ya taa, na mikwaruzo haifutiki. Hilo ni langu.

Bati lilikuwa limeliwa na kutu kwa mavi ya kuku. Nilitengenezewa jingine kwa pesa zangu za matumizi, na vifaranga wana mlango wa mbao. Nati ya mwisho, ile ya upande wa radieta, hulegea kila baada ya siku mbili tatu za kulima. Nikiwa nyumbani ndiyo kazi yangu ya kwanza asubuhi, kabla injini haijapata moto.